Kuendesha famasi ya hospitali: dawa kutoka stoo hadi mkononi mwa mgonjwa

Dawa inayofika kwa mgonjwa imepita mikono mingi: aliyeiagiza, aliyeipokea, aliyeipanga rafuni, daktari aliyeiandika, aliyeihesabu na aliyeitoa dirishani. Makosa mengi ya famasi hayatokani na mtu kutoijua dawa. Yanatokana na kusoma haraka, kuhesabu huku unaongea, au kudhani kwamba aliyetangulia amekwisha kuangalia. Mwongozo huu unafuata njia ya dawa kuanzia kwenye oda, ukieleza kinachoangaliwa na kinachoharibika kazi ikifanywa kwa mkato. Tutakaa zaidi kwenye agizo la daktari na kazi ya dirishani, maana kosa lisilokamatwa hapo linaondoka na mgonjwa.

Kuamua dawa zipi ziwepo na kiasi gani

Hospitali haiwezi kuweka kila dawa iliyopo sokoni, na haifai hata kama ingeweza. Kamati ya dawa na tiba, yenye madaktari, wafamasia na wauguzi, huchagua orodha. Wengi huanzia kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani, iliyotolewa kwa mara ya kwanza mwaka 1977 na inayorekebishwa mara kwa mara, kisha hupunguza au kuongeza kulingana na wagonjwa wanaowaona. Dawa zigawe katika makundi matatu: zile ambazo zikikosekana mtu anaweza kufa (adrenalini, oksitosini ya kuzuia damu baada ya kujifungua, insulini, antibiotiki ya seftriaksoni), zile zinazotibu maradhi ya kawaida, na zile ambazo mgonjwa anaweza kusubiri. Bajeti ikibana, punguza kwenye kundi la tatu. Kukata asilimia sawa kwa kila dawa kunaonekana haki, lakini mwisho wake ni stoo iliyojaa dawa za kikohozi na isiyo na oksitosini.

Kiasi cha kuagiza kinatokana na matumizi ya wastani kwa mwezi. Hapa kuna kosa linalojirudia sana: kugawanya matumizi kwa miezi yote bila kutoa siku ambazo dawa haikuwepo. Tuseme leja inaonyesha vidonge 3,600 vya amlodipini (dawa ya presha) vilitoka ndani ya siku 90, lakini kwa siku 30 rafu ilikuwa tupu. Ukigawanya kwa tatu unapata 1,200 kwa mwezi. Ukweli ni kwamba 3,600 vilitumika ndani ya miezi miwili, yaani 1,800 kwa mwezi. Kama kiwango chenu cha juu ni akiba ya miezi mitatu, mnahitaji 5,400. Toa 1,400 vilivyopo rafuni na 1,000 vilivyo njiani, unaagiza 3,000. Kwa hesabu ile ya kwanza ungeagiza 1,200 tu, rafu ingekuwa tupu tena kabla ya oda inayofuata, na mwezi huo mtupu ungeingia kwenye hesabu ya mara nyingine na kuishusha zaidi. Ndivyo upungufu unavyojizalisha wenyewe.

Angalia pia upande wa pili. Ukitumia vichupa 50 kwa mwezi na ukaletewa 600 vilivyobakiza miezi 8, vitatumika 400 na 200 vitaisha muda. Msaada wa bure wenye tarehe fupi ukubali kwa kiasi utakachokimaliza tu.

Kupokea mzigo

Mzigo hupokelewa na watu wawili, mchana, mahali penye mwanga. Anza na vitu vya baridi, kabla ya kufungua boksi lingine lolote. Angalia kipimajoto au kiashiria kilichowekwa ndani, kisha viingize kwenye friji, na karatasi zitafuata baadaye. Kisha linganisha oda, hati ya mzigo na vitu vyenyewe, mstari kwa mstari: jina la dawa, nguvu yake, aina (kidonge, sindano, dawa ya maji), idadi, namba ya bechi (inayotambulisha dawa zilizotengenezwa kwa mkupuo mmoja) na tarehe ya kuisha muda. Hesabu vilivyomo ndani ya boksi, usitegemee maandishi ya nje.

Fungua sampuli chache uangalie kwa macho. Vidonge vilivyobadilika rangi au kumeguka, kapsuli zilizoshikana, ampuli zenye chembe zinazoelea, dripu inayovuja ukiikamua kidogo, poda ya sindano iliyoganda ukutani mwa kichupa: vyote hivyo havipangwi rafuni. Weka pembeni kwa alama ya "Usitumie", andika upungufu kwenye hati ya mzigo kabla ya dereva kuondoka, na wote wawili msaini. Malalamiko yanayopelekwa siku tatu baadaye bila maandishi ni vigumu kusikilizwa.

Namba ya bechi iingie kwenye kadi ya stoo siku hiyohiyo. Wengi huiruka kwa kuona ni kazi ya makaratasi. Siku mamlaka ya dawa itakapotangaza kuondoa bechi fulani, namba hiyo ndiyo itakayokuambia kama unayo na imekwenda wodi gani.

Kupanga na kuhifadhi

Maboksi yakae juu ya pallet (jukwaa la kuinulia mzigo), angalau sentimita 10 kutoka sakafuni na 30 kutoka ukutani, yasipandane kupita mita 2.5. Sakafu hutoa unyevu, ukuta huzuia hewa, na boksi la chini kabisa hupasuka ampuli bila mtu kujua. Dawa nyingi zinataka joto lisilozidi nyuzi 25 au 30, kama lebo inavyosema. Stoo yenye dari ya bati na dirisha moja hupita hapo saa za mchana, kwa hiyo pima joto mchana, siyo asubuhi unapofungua mlango.

Kanuni ya kutoa ni hii: inayoisha muda mapema ndiyo inayotoka kwanza, hata kama imeingia jana. Kila mzigo mpya unapopangwa, wenye tarehe fupi unasogezwa mbele. Ukipanga kwa kusukuma mapya mbele kwa sababu ndiyo yaliyo mkononi, baada ya mwaka mmoja utakuta makopo yaliyokufa nyuma ya rafu.

Friji ya dawa ni nyuzi 2 hadi 8, na haiwekwi chakula wala sampuli za maabara. Usipange dawa kwenye mlango, kwa sababu joto lake hupanda kila unapofunguliwa, wala usiziache ziguse ukuta wa nyuma penye barafu. Watu huogopa joto na kusahau kwamba kuganda ni kubaya zaidi: insulini iliyoganda, au chanjo ya hepatitisi B au ya pepopunda iliyoganda, imeharibika moja kwa moja hata kama imeyeyuka na inaonekana nzuri. Joto lisomwe mara mbili kila siku, pamoja na wikiendi na sikukuu. Ukikuta karatasi ya friji ina "5" asubuhi na jioni mwezi mzima, mtu anajaza bila kusoma, maana friji hai haitulii hivyo.

Umeme ukikatika, usifungue friji. Ukiona utachelewa kurudi, hamishia dawa kwenye kisanduku cha baridi. Vipande vya barafu visitoke frizani na kuingia kisandukuni papo hapo, kwani vitagandisha insulini. Viache nje hadi ukivitikisa usikie maji yakicheza ndani, kisha weka kadibodi au kitambaa kati yake na dawa.

Oksitosini inastahili kusemwa peke yake. Inahitaji baridi, lakini mara nyingi hukutwa kwenye trei ya chumba cha kuzalia, nje ya friji, wiki nzima. Inapoteza nguvu bila kubadilika rangi. Mama anachomwa dozi sahihi, damu haikomi, na hakuna anayeishuku dawa. Toa wodini kiasi kinachotumika kwa zamu moja.

Dawa zenye majina au maboksi yanayofanana zitenganishwe rafuni: dopamini na dobutamini, karbamazepini na karbimazoli, hidralazini na hidroksizini. Mpangilio wa herufi za alfabeti huziweka ubavuni kwa ubavu, na hapo ndipo mkono unapokosea. Kloridi ya potasiamu ya ampuli isikae wodini wala karibu na maji ya sindano. Ampuli hufanana, na ikisukumwa mshipani bila kuchanganywa husimamisha moyo. Ibaki famasi, na itoke kwa agizo lenye jina la mgonjwa.

Dawa zinazodhibitiwa

Mofini, pethidini, fentanyli na nyingine ambazo sheria ya nchi imezitaja hukaa kwenye kabati la kufuli mbili, funguo mbili, watu wawili. Kila ampuli ina mstari wake kwenye rejesta: tarehe, saa, jina la mgonjwa, namba ya faili, aliyeandika, aliyetoa, aliyepokea, na salio linalobaki. Salio lihesabiwe kwa kuona ampuli zenyewe kila zamu inapokabidhiana. Dozi ikiwa mg 5 na ampuli ni mg 10, ile mg 5 iliyobaki inamwagwa mbele ya shahidi anayesaini palepale. Ampuli tupu inarudi famasi kabla mpya haijatoka. Ukikosea kuandika, piga mstari mmoja juu ya kosa, saini, andika upya chini yake. Usifute wala usichane karatasi, kwa sababu rejesta iliyochanwa haitofautiani na ya mwizi.

Ukali huu usigeuke kuwa sababu ya kumnyima mgonjwa wa saratani mofini yake. Rejesta ipo ili dawa itoke kwa usalama, na mtu mwenye maumivu hapaswi kusubiri hadi asubuhi kwa sababu mwenye ufunguo wa pili amekwenda nyumbani. Panga zamu za funguo kama mnavyopanga zamu za wauguzi.

Kusoma agizo la daktari

Kabla ya kugusa kopo lolote, soma agizo lote hadi mwisho. Tafuta majina kamili ya mgonjwa na namba ya faili, umri, uzito kwa kila mtoto, tarehe, jina la dawa, nguvu, dozi, njia ya kutumia, mara ngapi, siku ngapi, jina na saini ya aliyeandika. Kikikosekana kimoja, usijaze kwa kubahatisha. Mpigie aliyeandika, na jibu lake liandike kwenye agizo pamoja na saa na jina lako.

Kisha jiulize maswali ambayo karatasi haiyajibu. Ana mzio wowote? Ni mjamzito au ananyonyesha? Figo na ini zikoje? Anatumia dawa gani nyingine, pamoja na za mitishamba? Mgonjwa anayetumia warfarini (dawa ya kuzuia damu kuganda) akiandikiwa metronidazoli au kotrimoksazoli, damu yake inaweza kuwa nyepesi kupita kiasi na akavuja. Mama anayetumia vidonge vya uzazi wa mpango akianzishiwa rifampisini (dawa ya kifua kikuu), vile vidonge havimlindi tena inavyopaswa. Mwenye figo dhaifu hapewi gentamisini kwa dozi ya mtu mzima wa afya njema. Mtoto wa siku chache anayepewa dripu yenye kalsiamu, kama Ringer, hapewi seftriaksoni, kwa sababu zikikutana hutengeneza chembe ngumu zinazoweza kuziba mapafu na figo.

Kuna namna za kuandika ambazo zimeua watu na zingali zinaandikwa. "5.0" husomeka 50 nukta ikififia, kwa hiyo iandikwe 5. Nayo ".5" husomeka 5, kwa hiyo iandikwe 0.5. Herufi U ya uniti za insulini hufanana na sifuri: "10U" imesomwa 100. Neno "uniti" liandikwe lote, na "mikrogramu" vilevile, maana kifupi chake huchanganywa na cha miligramu, tofauti ya mara elfu moja. Methotreksati ya maumivu ya viungo hutumiwa mara moja kwa wiki. Ikitolewa kila siku hushusha chembe za damu na kuchubua koo na utumbo, na mgonjwa anaweza kufa. Kwenye lebo yake taja siku yenyewe: "Kila Jumatatu tu".

Mwandiko usiosomeka usiupeleke kwa mwenzako akusaidie kubahatisha. Watu wawili wanaokisia hawatoi ukweli mmoja. Rudisha kwa aliyeandika, hata foleni ikiwa ndefu, hata akikasirika.

Kukokotoa dozi

Kwa mtoto, hesabu ni hatua tatu: uzito mara miligramu kwa kilo, kisha badilisha miligramu kuwa mililita, kisha zidisha kwa siku zote upate kiasi cha kutoa. Mtoto wa kilo 12 anahitaji parasetamoli mg 15 kwa kilo, yaani mg 180. Dawa ya maji iliyopo ni mg 120 kwa ml 5. Kwa hiyo 180 gawanya kwa 120, mara 5, ni ml 7.5. Akinywa mara nne kwa siku 3 inakuwa ml 90, na chupa ya ml 100 inatosha.

Sasa tuseme mwezi ujao mzigo umekuja na dawa ya mg 250 kwa ml 5. Dozi ileile ya mg 180 sasa ni ml 3.6. Mtoaji aliyezoea kuandika "ml 7.5" kwa watoto wa ukubwa huo atakuwa anampa mg 375, zaidi ya mara mbili. Nguvu ya dawa ikibadilika, bandika tangazo kwenye rafu na ukutani, na waambie madaktari na wauguzi siku hiyohiyo. Dozi ya dawa ya maji isiandikwe kwa mililita peke yake. Iandikwe pamoja na miligramu.

Antibiotiki za poda huchanganywa famasi, na mzazi hapewi poda kavu akajichanganyie. Gonga chupa kwanza ili poda iachane na kitako. Tia nusu ya maji safi yaliyochemshwa yakapoa, tikisa hadi poda yote ilowe, subiri povu litulie, kisha jaza hadi kwenye alama. Ukimimina maji yote kwa mkupuo, poda huganda chini, dozi za mwanzo zinakuwa maji matupu na za mwisho zinakuwa kali. Andika tarehe ya kuchanganywa na tarehe ya kumwaga kadiri mtengenezaji alivyoelekeza. Mtoto wa kilo 10 wa nimonia anayehitaji amoksilini mg 40 kwa kilo mara mbili kwa siku anapata mg 400, sawa na ml 8 za dawa ya mg 250 kwa ml 5. Siku 5 ni ml 80. Chupa ikiwa ya ml 100, zitabaki ml 20. Mwambie mzazi azimwage, la sivyo atazitumia mtoto mwingine akikohoa.

Insulini ya uniti 100 kwa ml itolewe pamoja na mabomba yake yenye alama za uniti. Kwenye bomba la kawaida uniti 10 ni ml 0.1, na kijimstari kimoja cha kukosea ni sukari kushuka usiku. Adrenalini nayo ina nguvu mbili: 1 kwa 1,000 ni mg 1 kwa ml, na 1 kwa 10,000 ni mg 0.1 kwa ml. Ziwekwe sehemu mbili tofauti.

Kuhesabu na kuweka lebo

Chukua kopo rafuni kwa kusoma lebo. Rangi na mahali lilipozoea kukaa visikuongoze. Soma mara tatu: unapolichukua, unapohesabu, unapolirudisha. Hesabia kwenye trei safi kwa spatula, tano tano, bila kushika vidonge kwa vidole. Baada ya dawa za jamii ya penisilini, futa trei kabla ya dawa nyingine, kwa sababu unga mdogo unatosha kumdhuru mwenye mzio mkali. Kopo moja tu liwe wazi mezani. Vidonge vilivyobaki havimiminwi kwenye kopo la bechi nyingine hata kama ni dawa ileile, maana ukifanya hivyo tarehe na bechi zimepotea.

Vidonge vilivyo kwenye karatasi zake za plastiki na foili viache humo. Walproeti (dawa ya kifafa) hunyonya unyevu ikitolewa, na nitrogliserini ya chini ya ulimi hukaa kwenye chupa yake ya kioo tu. Vidonge vinavyotoka polepole, kama nifedipini ya aina hiyo, visikatwe wala kusagwa, kwani dozi ya saa nyingi huingia kwa mara moja na presha huanguka.

Lebo ibebe jina la mgonjwa, jina la dawa, nguvu, idadi, namna ya kutumia, tarehe, na onyo kama lipo. "1×3" si maelekezo. Anayefanya kazi famasi anaielewa, lakini mgonjwa anaweza kuisoma kuwa kidonge kimoja kwa siku tatu, au vitatu kwa mara moja. Andika "Kidonge kimoja, kutwa mara tatu, kwa siku tano". Dawa inayotaka nafasi sawa, itajie saa: kila baada ya saa 8 ni saa 12 asubuhi, saa 8 mchana na saa 4 usiku. Ukimwambia "mara tatu" tu, wengi hunywa asubuhi, mchana na jioni, kisha dawa haipo mwilini usiku kucha. Kwa asiyesoma, chora jua linalochomoza, jua la utosini na mwezi, na vidonge chini ya kila picha.

Kabla dawa haijatoka, mtu wa pili aangalie: agizo, kopo, vidonge na lebo, vyote pamoja. Kwa insulini, heparini, dawa za saratani, dawa zinazodhibitiwa na dozi zote za watoto wachanga, wa pili akokotoe upya bila kuona jibu la kwanza. Akionyeshwa jibu ataliona ni sahihi. Vinkristini, dawa ya saratani, iandaliwe ndani ya kifuko kidogo cha dripu, isiwekwe kwenye bomba la sindano, ili isije ikadhaniwa kuwa ya kuchoma uti wa mgongo. Huko inaua.

Anayehesabu asisemeshwe. Weka mtu mmoja wa kujibu maswali na simu, na mwingine wa kuhesabu, mkibadilishana kila saa mbili. Famasi nyingi zinasema hazina watu wa kutosha kwa hilo. Zikiwa na wawili tu, bado inawezekana, na mara nyingi foleni husogea haraka zaidi.

Dirishani

Usiite "Wewe ndiye Asha?" Mgonjwa aliyechoka au asiyesikia vizuri atasema ndiyo. Sema, "Mama, naomba unitajie majina yako yote", kisha linganisha na namba ya faili. Majina yanafanana sana, hata matatu.

Uliza kabla ya kueleza: daktari amekuambia dawa hii ni ya nini? Amekuambia uitumieje? Amekuambia utarajie nini? Majibu yatakuonyesha pengo lilipo, na utaeleza pale tu penye pengo badala ya kumwaga maneno ambayo hatayakumbuka. Chagua mambo mawili au matatu ya dawa hiyo. Rifampisini hugeuza mkojo kuwa wa rangi ya chungwa, na asiyeambiwa huacha dawa akidhani anatokwa damu. Dawa ya kuongeza damu yenye madini ya chuma hufanya choo kiwe cheusi. Doksisiklini inywewe kwa glasi nzima ya maji, akiwa amekaa wima, asilale kwa nusu saa, vinginevyo huchoma koo la chakula. Siprofloksasini isinywewe pamoja na maziwa au dawa za kiungulia, kwani huzuiwa kuingia mwilini. Metronidazoli na pombe haviendi pamoja.

Dawa ya maji itoke na bomba au kikombe chenye alama. Vijiko vya nyumbani havilingani. Vuta dozi mbele ya mzazi, piga mstari kwa kalamu isiyofutika kwenye alama yake, kisha mkabidhi bomba: "Hebu nionyeshe utakavyompa mtoto leo usiku." Akivuta ml 5 badala ya 7.5, umeliona kosa kabla halijatokea. Kuuliza "umeelewa?" hakusaidii, kwa sababu karibu kila mtu hujibu ndiyo kwa heshima. Kifaa cha kuvuta cha pumu nacho kionyeshwe kwa vitendo: tikisa, toa pumzi, bonyeza huku ukivuta taratibu, zuia pumzi hadi hesabu ya kumi.

Dawa za siri, kama za virusi vya Ukimwi au magonjwa ya akili, zisitajwe kwa sauti mbele ya foleni. Kama hakuna chumba cha faragha, sogeza kiti pembeni.

Wodini

Kwa waliolazwa, toa dawa ya saa 24 kwa jina la kila mgonjwa kutoka kwenye karatasi yake ya matibabu. Stoo kubwa ya wodi inarahisisha usiku lakini inaficha makosa, kwa sababu dawa inachukuliwa bila mfamasia kuona agizo. Bakiza wodini za dharura na chache za kawaida, kwa orodha na idadi maalumu, na uzikague kila mwezi. Sanduku la dharura lifungwe kwa lakiri yenye namba, na nje uandike tarehe ya dawa itakayoisha muda mapema kuliko zote. Lakiri ikikatwa, sanduku linajazwa siku hiyohiyo.

Bandika kwenye chumba cha kuandalia dawa zile tahadhari za kuchanganya: fenitoini (dawa ya kifafa) kwa maji ya chumvi tu, kamwe si kwa glukosi, kwani huganda, potasiamu lazima iyeyushwe, kifuko kigeuzwe mara kadhaa hadi ichanganyike, na katika wodi ya kawaida isipite milimoli 10 kwa saa. Kichupa cha insulini kilichofunguliwa kiandikwe tarehe, na aina nyingi hutupwa baada ya siku 28. Dawa ya aliyeruhusiwa au kufariki irudi famasi, isibaki kwenye droo ya muuguzi.

Hesabu ya stoo, makosa, na dawa zinazoondolewa

Hesabu dawa ghali na zinazodhibitiwa kila wiki, nyingine kila mwezi, kwa mtu asiyetunza kadi. Tofauti kati ya kadi na rafu iandikwe kama ilivyo, kisha itafutwe sababu: kutoa bila kuandika, kuhesabu boksi badala ya vidonge, au wizi. Kadi inayorekebishwa kimyakimya ili ifanane na rafu huficha zote tatu.

Kosa likitokea, hata lililonaswa kabla ya kufika kwa mgonjwa, liandikwe siku hiyohiyo: dawa gani, hatua gani, kilichosababisha, kilichofanyika. Lisitumike kumwadhibu aliyeripoti, maana akiadhibiwa mmoja wengine wote watanyamaza. Mgonjwa aliyepewa dawa isiyo yake afuatiliwe mara moja na daktari ajulishwe kabla ya mengine yote. Madhara ya dawa, hata yasiyo na uhakika, yaripotiwe kwa mamlaka ya dawa pamoja na namba ya bechi.

Zilizoisha muda hukaa chumba au kabati la peke yake lenye kufuli na alama nyekundu, zikiwa na orodha ya jina, idadi, bechi na thamani. Hazimwagwi kwenye sinki, hazizikwi nyuma ya jengo, wala hazitupwi jalalani ambapo watoto na wauzaji wa mitaani huziokota. Zinateketezwa kwa kibali, mbele ya mashahidi, kwenye tanuri la joto kali. Za saratani zinahitaji nyuzi 1,200 au zaidi, na tanuri dogo la takataka za wodini halifiki huko.

Tangazo la kuondoa bechi likija, fuata mfululizo huu:

1. Soma namba ya bechi kwenye tangazo na uitafute kwenye kadi za stoo, si kwa kumbukumbu.
2. Ondoa zote rafuni, dirishani na kwenye masanduku ya dharura, uzifungie pembeni.
3. Piga simu kila wodi iliyopokea, kisha nenda ukakusanye mwenyewe.
4. Linganisha zilizokusanywa na zilizotolewa na zilizopokelewa. Tofauti ndiyo iliyokwenda kwa wagonjwa.
5. Kama tangazo linasema dawa ina hatari, watafute wagonjwa hao kwa rejesta ya dirishani, uwaite, na uwabadilishie dawa bila malipo.